Matuta Tuliyochimba Juu ya Shamba la Baba

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule Jumatano moja akiwa ameshika karatasi mbili zilizobanwa pamoja, uso umemshuka kama aliyepewa adhabu. Ana miaka kumi na miwili. Alitupa begi kwenye kochi, akavua viatu bila kufungua kamba, akanifuata jikoni nilikokuwa nachambua mchele.

"Bibi, nimepewa historia," alisema.

"Historia imekukosea nini?"

"Mwalimu amegawa mada. Wenzangu wamepata vita, wamepata ndege. Mimi nimepata watu wa zamani waliopanda miti."

Nilicheka, na yeye akakasirika zaidi, kwa hiyo nikamvutia kiti nikamwambia anisomee hizo karatasi. Kiingereza changu ni cha kuombea njia na kununulia nyanya. Yeye anakijua kama hewa anayovuta. Kiswahili chake amekichukua kwangu kwenye simu, tangu akiwa mdogo, na sasa huu ni mwaka wa pili tunakaa pamoja katika hii nyumba ya kupanga mtaa wa Al Twar, hapa Dubai. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pekee, anafanya kazi kwenye kampuni ya mizigo kule eneo huru la uwanja wa ndege. Anaondoka mapema na kurudi amechoka, na mimi ndiye ninayempokea mtoto.

Basi akanisomea, akitafsiri kwa kubabaisha, akisimama kila anapokwama. Kulikuwa na wakati, miaka ya thelathini, uchumi wa Marekani ulianguka. Viwanda vilifungwa, watu wakapanga foleni za mkate, na vijana waliokuwa wamemaliza shule walizurura bila kazi. Wakati huohuo ardhi yao nayo ilikuwa imechoka. Misitu ilikuwa imekatwa ovyo, udongo ulikuwa unabebwa na upepo na maji. Rais wao mpya akaona ayaunganishe matatizo hayo mawili. Wakachukuliwa vijana wasiooa, wakapelekwa kambini, wakapewa sare, chakula na sululu. Walipanda miti, walichonga njia milimani, waliziba mashimo yaliyochimbwa na maji. Sehemu kubwa ya malipo yao haikupita mikononi mwao. Ilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi nyumbani. Waliokuwa hawajui kusoma walifundishwa jioni. Halafu ilipokuja vita kubwa, kambi zikafungwa na vijana wakapewa bunduki.

"Vijana weusi waliwekwa kambi zao peke yao," alisema mjukuu wangu, akikunja uso. "Na wasichana hawakuchukuliwa kabisa."

"Hawakuchukuliwa?"

"Imeandikwa hapa. Wavulana tu." Akageuza ukurasa. "Bibi, hii kwa Kiswahili inaitwaje?"

Ilikuwa picha. Vijana sita wamesimama ndani ya ufa mrefu wa ardhi, vifua wazi, machepe mabegani. Kingo za ule ufa ziliwapita vichwa. Mmoja alikuwa anacheka na mpiga picha, wengine wamechoka tu.

"Korongo," nilisema. Nikaendelea kuiangalia ile picha mpaka akaanza kunivuta kanga. "Mimi nimesimama hivyo," nikamwambia. "Ndani ya korongo kama hilo. Nikiwa na miaka kumi na saba."

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, funguo bado mkononi. Alisimama mlangoni.

"Umesimama wapi, Mama?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kumsimulia. Alijua kwamba nilifanya kazi kwenye kitalu cha miche cha wilaya, kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha baada ya baba yake kufariki. Nilivyofika kwenye hicho kitalu hakuwahi kuuliza, na mimi sikusema. Yeye alikuwa mtoto wa kushika namba moja darasani. Nikajiambia hana haja ya kujua kwamba mama yake alifeli mtihani wa darasa la saba akaenda kuchimba mitaro kwa ajili ya unga.

Jioni ile niliwasimulia. Binti yangu alikula chakula chake akiwa bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni.

Sisi ni watu wa Kondoa, katikati ya Tanzania. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Alilima, ndiyo, lakini ukimwuliza yeye ni nani, angekuhesabia mifugo yake kwa rangi. Tatizo ni kwamba vilima vyetu vilikuwa vimekwisha. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mekundu kama chai ya rangi, na kila mwaka makorongo yaliongezeka urefu. Kulikuwa na nyumba ambayo nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaipitia kwa mbele. Nilipofika darasa la saba korongo lilikuwa limefika mlangoni na wenyewe wamehama. Ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke vilimani ili ardhi ipumzike. Baba aliwapeleka ng'ombe wake kwa mjomba wake kule mbugani, mwendo wa siku kadhaa, akarudi na fimbo tu. Kwa majuma mengi aliamka alfajiri kama kawaida yake, akatoka nje, akasimama kwenye zizi tupu.

Na ilikuwa miaka ile ya hali ngumu. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, tulivaa katambuga za matairi na tukapanga foleni dukani kabla hatujajua kinauzwa nini. Kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa alikuwa hana pa kwenda. Mimi nilikaa nyumbani miaka miwili nikichota maji.

Ndipo ikafunguliwa kambi ya vijana ya kuhifadhi udongo, upande wa pili wa kilima chetu. Walitaka wavulana na wasichana. Kazi ilikuwa kuchimba matuta ya kukinga maji, kuziba makorongo kwa mawe, na kupanda miche. Mshahara wa maana hapakuwepo, ila mlikula hapo, na mwisho wa mwezi kila mmoja alibeba mgao wa kupeleka nyumbani: unga, maharage na mafuta ya kula.

Nilipomwambia baba, hakupandisha sauti. Alikuwa anachonga mpini.

"Waliofukuza ng'ombe wangu," alisema, "ndio unaotaka kwenda kuwachimbia?"

Mama alinifungia kanga mbili na sahani ya bati, nikaondoka.

Mjukuu wangu aliniuliza kama tulivaa sare kama wale wa kwenye picha. Hapana, tulivaa tulichokuwa nacho. Tulilala kwenye ghala la zamani la pamba lililogawanywa kwa magunia, wasichana huku, wavulana kule. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani kwa meli. Mjukuu wangu alifurahi sana kusikia hilo, akaliandika. Akaniambia, "Kwa hiyo walikuletea chakula watoto wa wale vijana." Inawezekana. Mimi wakati ule nilijua tu kwamba ulikuwa na ladha ya gunia.

Aliyetufundisha kazi alikuwa mwanamke. Tulimwita Bibi Shamba, kama wanavyoitwa maofisa wa kilimo wa kike, ingawa hakuwa na miaka zaidi ya thelathini. Alikuja kwa pikipiki, amevaa suruali na mabuti, na vijijini kwetu hilo peke yake lilitosha kuzungumzwa mwezi mzima. Siku ya kwanza hakutupatia majembe. Alitupandisha kilimani, akampa kila mmoja kopo la maji, akasema, "Mwageni taratibu, kisha mlale kifudifudi muangalie yanakwenda wapi." Vijana hamsini tukalala kwenye vumbi tukiangalia maji. Tulicheka mpaka machozi. Lakini nakumbuka vizuri jinsi maji yangu yalivyosita mbele ya jiwe dogo, yakazunguka, yakaungana na ya jirani yangu, yakapata nguvu, yakaanza kusukuma mchanga. Sikuwahi kuyaona maji hivyo, na nilikuwa nimeyabeba kichwani maisha yangu yote.

Baadaye alitufundisha kupima kwa fremu. Ni kitu rahisi. Unachukua nguzo mbili zilizolingana, unazifunga pamoja juu, unazitanua chini, unaweka mti wa kukatiza katikati, zinakuwa kama herufi A. Juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Kamba ikipita kwenye alama iliyo katikati ya ule mti wa kukatiza, ujue miguu miwili ya fremu imesimama usawa mmoja. Unapiga kigingi, unazungusha mguu mmoja mbele, unapima tena. Ukifuata vigingi vyako, unapata mstari unaozunguka kilima bila kupanda wala kushuka. Tuta likichimbwa hapo, maji yanasimama na kuzama ardhini badala ya kukimbia. Hesabu ya darasani ilinishinda. Hii haikunishinda. Baada ya miezi miwili Bibi Shamba alinikabidhi fremu, nikawa mpimaji wa kundi letu, na nilijisikia kama niliyepewa ufunguo wa ofisi.

Mgao wa kwanza niliubeba kichwani mpaka nyumbani. Mama alipika. Baba alikaa pembeni na bakuli lake la mlenda na kipande cha kiporo.

"Nina chakula changu," alisema.

Mwezi wa pili hivyohivyo. Mwezi wa tatu hivyohivyo. Alikuwa amekonda, na hakugusa.

Ilipofika Novemba, kabla ya mvua, tulipewa kupima kile kilima kilicho juu ya mashamba ya kwetu. Siku hiyo upepo ulikuwa mwingi. Jiwe la fremu lilikuwa linayumba halitulii, wenzangu wanangoja na majembe, jua linachoma, na chakula cha mchana kimeshanukia. Nikalishika jiwe kwa kidole. Nikaliachia taratibu, nikalishika tena pale kamba ilipogusa alama, nikasema, "Tayari, piga." Nilifanya hivyo kwenye vigingi vitano, labda sita. Tuta lilichimbwa, likapendeza kwa macho, tukapanda nyasi juu yake.

Mvua zilianza kwa manyunyu, na ile kubwa ya kwanza ilinyesha alasiri moja ya Januari. Tuliisikia ikipiga bati la ghala, tukaimba kwa furaha. Ilipokatika tukatoka kwenda kuangalia kazi yetu. Tuta lilikuwa limejaa maji vizuri, refu kama nyoka, likimetameta, mpaka pale nilipopima siku ya upepo. Pale maji yote yalikuwa yamekusanyika sehemu moja, yakalibomoa, yakashuka. Chini yake kulikuwa na shamba la baba. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Sasa yalikuwa yamelala kwenye tope, na nusu ya shamba ilikuwa imefunikwa na mchanga.

Sikulala vizuri, na asubuhi baba alikuja. Alitembea mpaka katikati ya kambi, tope limempanda hadi magotini, fimbo mkononi. Tulikuwa kwenye uji. Bibi Shamba alisimama.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

Baba hakuitikia. "Mlisema ng'ombe ndio wanaoharibu," alisema. "Ng'ombe hawapo. Nani ameharibu shamba langu?"

Bibi Shamba alitugeukia. "Nani alipima pale?"

Wenzangu waliangalia ndani ya vikombe, hakuna aliyenitaja, na hilo nawashukuru mpaka leo, maana walinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Nilinyoosha mkono kama niko darasani.

"Ni mimi. Upepo ulikuwa unayumbisha jiwe, nikalishika."

Baba aliniangalia. Nilidhani atanishika mkono anirudishe nyumbani, na nilikuwa tayari kwenda. Lakini alimgeukia Bibi Shamba.

"Huyu amekosea," alisema. "Lakini pale hata mngepimiwa na malaika, lingebomoka. Pale chini ya nyasi kuna njia ya ng'ombe. Ya zamani, kabla sijazaliwa. Maji yamezoea kupita pale. Mimi nimechunga kile kilima tangu sijavaa nguo. Hakuna aliyeniuliza."

Nilimwona Bibi Shamba akifikiri. Angeweza kumjibu kwa vyeti vyake. Alikuwa ofisa wa serikali, na baba ni mzee asiye na ng'ombe. Aliweka kikombe chini, akachukua daftari lake.

"Ni kweli hatukukuuliza," alisema. "Nionyeshe, Mzee."

Walipanda kilima, baba mbele na fimbo, yeye nyuma na daftari, na mimi nyuma yao nimebeba fremu begani, nikiwa sijui kama nimefukuzwa au la. Baba alionyesha kwa fimbo. Hapa ng'ombe walipita kwenda kunywa. Hapa maji hujikusanya kabla ya kushuka. Hapa ukichimba utakuta mwamba, msihangaike. Bibi Shamba alichora kila kitu. Tulipofika pale lilipobomoka, alinyoosha mkono kwangu.

"Pima upya," alisema. "Kutoka mwanzo wa tuta. Upepo ukivuma, kaa chini ungoje."

Nilipima siku tatu. Baba alikuja siku zote tatu. Hakusema na mimi, ila mara moja tulipokuwa tunapanga mawe kwenye ule mkondo, alisukuma jiwe langu kwa mguu. "Hilo umeliweka kichwa chini," alisema, akaligeuza mwenyewe. Kisha akachukua lingine. Mpaka jua linakwenda magharibi alikuwa anapanga mawe pamoja na sisi.

Mwisho wa mwezi ule nilipeleka mgao nyumbani. Mama akapika, akaandaa. Baba alinawa mikono, akamega tonge la ule ugali wa njano, akatafuna.

"Unga huu unanuka ghala," alisema, akamega lingine.

Hapo kwenye simulizi binti yangu alilia. Alimfahamu babu yake, alikuwa na miaka minane alipofariki, na aliniambia anamkumbuka akimwonyesha nyasi zilizofika kiunoni na kumwambia, "Zimeota kwa sababu ya mama yako." Alidhani ni maneno ya mzee tu. Mimi sikujua kama baba alimwambia hivyo. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia mimi.

Mwalimu alikuwa ametaka picha au kifaa cha kuonyesha darasani. Kwa hiyo Ijumaa tulitengeneza fremu pale sebuleni Al Twar, kwa mipini miwili ya fagio, kijiti cha pazia na utepe wa gundi. Timazi tuliyoifunga kwenye uzi ilikuwa kofuli la begi la safari. Jumamosi binti yangu alitupakia kwenye gari, tukaenda Hatta, kule milimani nje ya jiji, kutafuta mteremko, kwa sababu mtaani kwetu pameshasawazishwa pote.

Nilipoona milima ile nilishusha kioo cha gari. Haina mti, ni mawe matupu ya rangi ya kutu, lakini bondeni kuna mitende na vipande vya mashamba vilivyopangwa kwa kuta za mawe, kimoja juu ya kingine. Karibu na shamba moja dogo mfanyakazi, mtu wa Pakistani mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anajenga upya ukuta uliosombwa na mvua. Binti yangu akamsalimu, akamwuliza kwa Kiarabu chake cha kazini kama tunaweza kupima kidogo pale pembeni. Yule mtu alisema arbab, yaani mwenye shamba, yuko mjini, hakuna tatizo. Kisha akaiona fremu yetu. Akacheka, akaweka chini jiwe alilokuwa ameshika, akaingia kwenye kibanda akatoka na mpira mrefu wa plastiki, ule unaoonekana ndani, umejazwa maji.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona kipimo cha namna hiyo. Alimpa mjukuu wangu ncha moja, akashika nyingine, akasogea mpaka mwisho wa ukuta. Maji ndani ya mpira yakapanda na kushuka, yakatulia. Maji ya huku na ya kule husimama usawa mmoja, hata mkitenganishwa na jabali. Akaweka alama kwa mkaa kwenye jiwe la kwake, mjukuu wangu akaweka alama kwenye la kwake. Halafu akaniashiria mimi. Nikaipitisha fremu hatua kwa hatua kutoka alama moja hadi nyingine, mipini ya fagio ikikwaruza mawe, wote wakiwa wameinama kuangalia kofuli la begi. Nilipofika alama ya mwisho, uzi ulikuwa umepita katikati kabisa.

"Zein!" alisema yule mtu, akapiga makofi. "Khalas, mama!" Vizuri, imetimia.

Mjukuu wangu alipiga picha nyingi. Kisha akaniomba fremu, na tukakaa pale mpaka alasiri, yeye akipima, mimi nikimpigia kigingi, binti yangu akimpokeza mawe yule mzee bila kuombwa, viatu vyake vya ofisini vimejaa vumbi. Yule mzee alitupatia tende na maji ya baridi. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno kumi, na sikuhitaji zaidi.

Ni njiani tukirudi ndipo binti yangu aliponiuliza. "Mama, huyo Bibi Shamba yuko hai?"

Nilisema sijui. Aliuliza kama niliwahi kumshukuru. Kambi ilipofungwa, ni yeye aliyeandika barua nipewe kazi kitaluni, na siku ile nilimwambia asante kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikujua kitu alichonipa kina ukubwa gani. Kazi ile ndiyo iliyomlea binti yangu, na binti yangu ndiye aliyekuwa anaendesha gari.

Nilimwomba mpwa wangu aliye Kondoa amuulizie kwenye ofisi ya kilimo, huko akapelekwa kwa mstaafu mmoja, na baada ya wiki mbili tukaletewa namba ya simu. Anaishi Morogoro kwa mwanawe. Mjukuu wangu alikuwa ameshasimama mbele ya darasa na fremu yake na kupigiwa makofi. Tulipiga siku ya Jumapili, saa kumi, sote watatu tumeizunguka simu.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa ileile.

Nilijieleza. Nikataja kambi, ghala la pamba, mwaka, kundi letu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Niliwafundisha vijana wengi, sura zimechanganyika. Sikukumbuki."

Binti yangu alinishika goti. Sikuumia kama nilivyodhani ningeumia. Nikamwambia, "Mimi ni binti wa yule mzee aliyekuja kambini na tope. Aliyesema hata mngepimiwa na malaika."

Akacheka kwa nguvu mpaka simu ikakwaruza. "Mzee wa njia za ng'ombe! Yule namkumbuka! Unajua, tangu siku ile sikupima kilima kabla ya kuuliza nani alichunga pale. Nimehamishwa wilaya tano, na kote nilianza hivyo. Wenzangu walinicheka. Yupo?"

"Alifariki zamani."

"Pole sana. Kumbe sikuwahi kumwambia asante."

"Mimi nimepiga kukwambia wewe," nilisema, na nikamwambia yote: kitalu, ada za shule, binti yangu, Dubai, mtoto aliyesimama darasani. Alikuwa anaitikia taratibu, "Ee. Ee mwanangu. Ee."

"Na wewe hasa ulikuwa yupi?" aliuliza mwishoni.

"Mimi ndiye niliyepima vibaya."

"Aa!" alisema. "Hao walikuwa wengi."

Tulicheka sote, na mjukuu wangu akainyakua simu akaanza kumweleza habari za mpira wa maji, kwa Kiswahili chake cha kuunga, na Bibi Shamba akamwuliza maswali ya kiofisa kuhusu urefu na kipenyo. Waliongea muda mrefu kuliko mimi. Kabla ya kukata alitaka kuongea na binti yangu, akamwambia tukija likizo tupite Morogoro, tusibebe zawadi, tumlete tu huyo mtoto. Jumatatu binti yangu aliomba likizo kazini. Amepewa majuma matatu, mwezi wa saba.